Mvua ya nusu saa tu mtaa mzima maji, hivi mitaro walikuja kuzibua au kupiga picha?

Wakuu habari zenu, leo sina hata nguvu ya salamu ndefu. Mvua imepiga nusu saa, nusu saa jamani, wala sio ile masika ya kunyesha kutwa kucha, huku Mwananyamala, Dar, maji yameingia mpaka sebuleni na jirani yangu kapandisha godoro juu ya kabati. Saa hii jua linawaka kabisa ila bajaji hazipiti, mwenye guta anavusha watu buku buku kama pantoni.

Na kabla hamjaniletea habari za tabianchi, hiyo tabianchi ndo iliyozibua mtaro mwezi uliopita ikaacha tope lote ukingoni?? Maana ndo kilichofanyika. Walikuja vijana na machepeo, wakatoa mchanga, chupa, pampasi, ndala, wakarundika palepale pembeni, tukaambiwa gari la kuzoa linakuja. Gari gani? Leo mvua ndo imekuja kuzoa, rundo lote limerudi mtaroni, kalvati limeziba hadi juu, sasa maji yapite wapi?

Mvua ya rasharasha hata siku nzima mitaro yetu inaimudu, tatizo hii ya kumwagika kwa mpigo, maji ya kutwa yanashuka kwa dakika ishirini halafu chini hakuna udongo wa kuyanywa, kila mtu kaweka pevingi mpaka mlangoni na ukuta juu ya njia ya maji (na wenye kuta mpo humu, mnajijua), barabara nayo kila ukarabati wanamwaga lami juu ya lami, inapanda yenyewe nyumba zinabaki shimoni. Hata yakifika Mto Ng'ombe bado yaingie mto Msimbazi yakatokee baharini pale daraja la Salenda, na bahari ikiwa imejaa muda huo hayashuki ng'o.

Halafu nyie mnaotapisha vyoo mvua ikianza tu, Mungu anawaona. Watoto wanacheza kwenye hayo maji.

Kinachonichefua zaidi ni wimbo wa "hameni mabondeni". Tangu mafuriko ya Desemba 2011 watu wa Jangwani wakapelekwa Mabwepande tunaimbiwa hivyohivyo, sasa mie niko juu huku, sioni bonde wala nini, mafuriko yangu yametoka kwenye mtaro wa futi mbili, nihamie wapi?

Nataka kujua kitu kimoja, aliyesaini kwamba kazi imekamilika alifika site au alisainia ofisini? Maana hela imelipwa hiyo, msinidanganye.

Wa Tandale, Kigogo, Buguruni wekeni picha za mitaa yenu hapa. Mie naenda kutoa maji na ndoo, nikimaliza naweka za lile rundo, nililipiga likiwa bado ukingoni.