Midoli yangu ya vitambaa inalala shingo, naombeni ushauri

FundiMabaki:
Habari za jioni wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala, nashona sare na magauni. Mabaki ya vitenge yalikuwa yamejaa chini ya meza hadi miguu inakosa pa kukaa, nikaanza kushonea midoli. Si ya kuchezea, ni ya pambo: mama kajitanda khanga, kabeba mtungi, wa kuweka kabatini sebuleni.

Nimeshona mitano. Yote, wiki mbili hazipiti, shingo imelala kama abiria aliyesinzia kwenye daladala. Nikaongeza kujaza shingoni, mshono ukafumuka. Vidole navyo vinapasuka nikivigeuza. Mwili ni bafta niliyoichemsha na majani ya chai ipate rangi ya ngozi (siku naenda kuinunua muuzaji alinipa pole, akauliza msiba uko wapi). Ndani nimejaza sponji ya kukatakata.

Halafu bei. Nimetaja 15,000, mteja akacheka, eti wa plastiki Kariakoo anampata kwa 3,000.

Shazia:
Dada, shingo unaionea bure, mchawi ni sponji. Vile vipande vinaminyika, vinaacha mapengo, kichwa kinakosa pa kuegemea. Nunua pamba ya mito, ile nyeupe yenye nyuzi ndefu. Chambua kidogo kidogo, tonge dogo kama la ugali wa mtoto, anzia mbali (nyayo, viganja) ukija kwenye tundu. Shindilia mpaka ukibonyeza kidole kisizame. Utashangaa mdoli mmoja unavyokula pamba.

MtotoWaTanga:
Kwani sufi imekosa nini? Kwetu misufi ipo, mito yote ya bibi ilikuwa sufi.

Shazia:
Kwa mto sawa, kaka. Sufi inateleza, nyuzi zake hazishikani. Kwenye shingo nyembamba inashukia kifuani, unarudi kule kule. Na ukiijaza ndani ya chumba utapiga chafya hadi kesho.

Ngoja nimalizie shingo. Naona kama umekata kichwa, shingo na mwili kwa kipande kimoja mbele na kimoja nyuma. Ndiyo maana inakunjika pale pale kila siku. Kata kichwa peke yake. Shingo iwe ya mwili, ijazwe hadi iwe ngumu kama kigingi. Kisogoni chana tundu dogo, kichwa ukivalishe juu ya shingo, ushone kwa mkono kuzunguka mara mbili, na uzi wa nailoni wa mafundi viatu, huo haukatiki. Kabla ya hapo chukua vijiti vitatu vya mishikaki, kata ncha kali, vifunge pamoja, vizungushie kitambaa, vitokee kifuani mpaka katikati ya kichwa. Ila kama nyumbani kwa mteja kuna mtoto mdogo, vijiti acha kabisa. Mtoto hajui hili pambo hili la kuchezea.

Popilini:
Vidole: punguza urefu wa mshono, kwenye cherehani yako weka 1.5. Ukifika kati ya kidole na kidole usigeuze kwa ncha kali, piga mshono mmoja wa kulala ndipo upandishe kwenye kidole kinachofuata. Hapo utaweza kuchanja kwa mkasi hadi karibu na uzi bila kitambaa kufumuka. Kugeuza, ingiza mrija wa soda ndani ya kidole, halafu kwa nje sukuma ncha ya kidole kwa kijiti butu iingie kwenye mrija. Inatoka yenyewe.

Na bafta ifue kwa maji ya moto kabla ya chai. Ina wanga wa dukani, ndio unaofanya rangi ishike mabaka.

BabuPwani:
Wajukuu, vidole vya nini? Sisi Wazaramo mwali akiwekwa ndani alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, amtunze kama mtoto wake. Kichwa na kiwiliwili basi. Hana mikono, hana miguu, na hakuna aliyeuliza huyu ni nani.

FundiMabaki:
Shikamoo babu. Kweli, mama wangu kabeba mtungi, kiganja kizima kinatosha, vidole nivichore kwa uzi tu juu juu.

Popilini:
Bei hujajibiwa. Mdoli mmoja unakula siku ngapi?

FundiMabaki:
Mbili. Uso peke yake unanimalizia jioni nzima.

Popilini:
Na hizo siku mbili ungeshona sare ngapi? Piga hesabu ya ufundi wake, ongeza pamba na bafta, hiyo ndiyo bei. Anayetaka plastiki mwelekeze Kariakoo kwa heshima, hata nauli muulizie.

FundiMabaki:
Nimerudi. Sare nne, kwa hiyo 15,000 nilikuwa najiibia. Mdoli mmoja nimeufumua, sponji imetoka ndoo ndogo nzima, nimejaza pamba na kuweka vijiti. Leo siku ya tisa kichwa kimesimama wima. Shida mpya ni jirani. Alichungulia dirishani nikiwa na mdoli usio na kichwa, sindano kubwa ya shazia imechomekwa kifuani, na tangu siku hiyo salamu anaitikia akiwa mbali.

Shazia:
Mshonee mmoja.

MtotoWaTanga:
Hapo ndipo atahama kabisa 😂