Ushauri wakuu: injini ya Ford V8 ya 1946 niiache au niweke Chevrolet 350?

Ngosha_Ohio: Wakuu, habari za jioni. Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa saba sasa. Naunda lile gari la wazi la kizamani la kuongezewa mbio, huku wanaliita hot rod. Bodi ya Ford Model A ya 1929, chesisi ya 1932, breki za haidroliki za 1939 (zile za Model A zinavutwa na vyuma, unakanyaga huku unaomba dua). Injini ninayo, V8 ya valvu pembeni, ya 1946. Wenyeji wanasema itanichemshia, niweke Chevrolet 350, V8 ya kisasa zaidi. Mimi nalitaka kama walivyounda vijana wa California baada ya vita. Mnasemaje?

Spana17: Inachemsha kwa sababu moshi wake unapita ndani ya bloku, kati ya silinda, ndipo utokee pembeni. Radieta kubwa inasaidia. Bloku umeipima ufa?

Bibi_Mchicha: Halina paa, na huko kuna theluji! Mume wangu alikuwa na Peugeot 404 "anaitengeneza". Ilikaa juu ya matofali miaka kumi na moja, kuku wakawa wanatagia siti ya nyuma. Mayai tulikula, gari hatukupanda.

Ngosha_Ohio: Asante mama. Radieta nimeshaagiza.

Spana17: Ufa, mkuu.

Ngosha_Ohio: Kuna kamstari. Kanatoka kwenye kiti cha valvu kuelekea silinda, urefu wa punje ya mchele. Muuzaji alisema zote ziko hivyo. Na kuna fundi anashona chuma cha kutupwa kwa pini, bila kuchomelea. Nimeshalipa dola 1,800, kwa hiyo msiniambie nirudishe.

Mjomba_Serious: Dola 1,800 za chuma chenye ufa! Nyumba ya bi mkubwa umemaliza?

Ngosha_Ohio: Bado madirisha. Tusitoke kwenye mada.

Kijiwe_Tz: Hii chai. Mwezi uliopita kwenye uzi wa Vitz ulisema umekwama foleni ya Kimara, Dar.

Mjomba_Serious: Nilijua tu. Leteni na maandazi.

Ngosha_Ohio: Nilikuwa likizo jamani!

Spana17: Ubishi wa nini. Ngosha, nenda kaangalie: silinda hedi zimefungwa kwa bolti, au kwa studi zenye nati? Na distribyuta, ile inayogawa moto wa plagi, imekaaje?

Ngosha_Ohio: Nimetoka gereji na tochi, baridi imenikausha vidole. Ni bolti, nimehesabu 24 kila upande. Distribyuta imesimama wima, mbele. Mmeridhika?

Spana17: Injini unayo, hilo naamini. Ila si ya 1946. Ya 1946 ina studi, na distribyuta imelala usoni mwa injini. Yako ni ya kati ya 1949 na 1953. Nguvu hazipishani sana: ya 1946 farasi 100, yako 100 hadi 110. Shida iko nyuma: ya 1946 sehemu ya nyumba ya klachi (kava linalounganisha injini na gia boksi) imemwagwa pamoja na bloku, ya kwako ni kipande cha peke yake, kinafungwa kwa bolti. Gia boksi ni ya mwaka gani?

Kijiwe_Tz: Kumbe chai ameinywa yeye, kwa muuzaji.

Ngosha_Ohio: Ya 1939. Nimeiosha kwa mafuta ya taa wiki nzima, inang'aa.

Spana17: Haifungi hivi hivi. Tafuta nyumba ya klachi ya lori la Ford la miaka hiyo ya injini.

Ngosha_Ohio: Sasa lori nalitoa wapi mimi?

Bibi_Mchicha: Mwanangu, kuku unao?