MREJESHO: Saluni na mtoto anayenyonya, Mwanjelwa

Wapendwa, niliuliza namna ya kuendesha saluni huku nanyonyesha, maana harufu ya dawa za nywele ilinitia hofu kwa mtoto. Asanteni sana. Dada uliyesema nikamue maziwa nimwachie bibi yake Uyole, ubarikiwe: yanakaa hadi masaa manne bila friji, na kwa baridi hii ya Juni sina wasiwasi kabisa. Chupa aliikataa katakata, kikombe kidogo ndiyo akakubali. Dawa sasa naweka asubuhi tu, madirisha wazi, wateja wanatetemeka (Mbeya hii!) lakini wanaelewa. Ushauri wa kuweka msusi wa kulipwa kwa kamisheni ndio umegoma: niliyemweka amehama na wateja wangu wa rasta. Mwenye kumjua msusi mwaminifu anishtue.