Hesabu zisipunguzwe, muda wa karakana uongezwe

Mwenzetu aliyefungua mjadala huu amependekeza hesabu na nadharia zipunguzwe katika shahada ya uhandisi, kwa kuwa viwanda vya hapa Mombasa vinalalamika kwamba wahitimu hawajui kazi. Malalamiko nayakubali, dawa yake siikubali hata kidogo.

Mimi ni msimamizi wa umeme katika kiwanda kimoja Changamwe, na kila mwaka hupokea wanafunzi wa mafunzo kazini. Mwaka jana pampu moja ilizima ghafla, nikamtuma kijana wa mwaka wa nne. Nilimkuta akibonyeza kitufe mara ya tatu, ya nne, huku mota ikinguruma tu na kuzima, na mita ya kupimia umeme iko mfukoni mwake. Nilipomwambia apime fezi zote tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, akakuta moja imekufa kwa sababu ya fyuzi iliyoungua. Papo hapo, bila kuulizwa, akanieleza kwamba fezi moja ikikatika wakati mota inazunguka na mzigo ni uleule, mbili zilizobaki hubeba mkondo wa takriban mara 1.7 ya kawaida, ndiyo maana kinga ya mota ilikata umeme. Elimu hiyo aliipata darasani, na mafundi wangu wengi wa siku nyingi hawanayo. Alichokosa ni mkono uliozoea mita, na mkono hauzoei kwa wiki chache, huku mhadhiri akija mara moja kutia sahihi daftari ofisini bila kuingia karakana.

Mwingine amesema tusihangaike, kwani mhitimu hupata uzoefu wa miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011. Ni kweli, lakini kwanza sharti apate wa kumwajiri, na waajiri wanamtaka aliyekwisha kuzoea.

Kwa hiyo naomba muhula mzima utumike kiwandani, uwe na alama kama somo lolote kubwa, na msimamizi wa kiwandani ashiriki kuzitoa. Viwanda navyo visijitoe. Waajiri hulipa ushuru wa mafunzo unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Sehemu yake ilipie bima na nauli za wanafunzi, maana kijana anayetoka Ukunda hupanda matatu hadi Likoni, akavuka kwa feri, akapanda nyingine hadi Changamwe, siku tano kwa wiki, bila kupewa hata senti.