Mashavu yaliingia ndani kwa dawa za zamani, je filla (sindano za kujaza ngozi) zinarudisha kujiamini kweli?

MamaNyamagana

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa kweli, wale wa kuja kucheka naomba wapite tu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, naishi Mwanza, natumia ARV tangu zile dawa za bure zilivyoanza kufika mikoani. Wakati ule tulikuwa tunapewa Triomune, wa zamani mnaijua, ndani yake kulikuwa na stavudini. Ile dawa iliniokoa hilo silipingi, nlikuwa nabebwa kwenda chooni, lakini baada ya muda mafuta ya usoni yakaanza kuisha, mashavu yakaingia ndani, hapa pembeni ya macho pakabonyea, makalio yakaisha, miguu ikabaki mishipa tupu. Nilibadilishiwa dawa zamani sana na sahivi niko kwenye TLD, ARV za siku hizi, virusi havionekani kwenye kipimo, uzito nimeongeza mpaka nguo zinanibana, kitambi kipo, ila uso umegoma kurudi.

Sasa shida yangu sio urembo jamani. Shida ni kwamba uso wangu unanitangaza kabla sijafungua mdomo. Naingia kikoba kipya naona mtu ananiangalia mashavu halafu anamkonyeza mwenzie. Sokoni nimeshasikia kwa masikio yangu "yule kakanyaga miwaya", yaani ana virusi. Harusi ya mdogo wangu picha zote nimesimama nyuma kabisa na mtandio nimeuvuta mbele.

Binti yangu yuko kazini Muscat, yeye ndo kaniambia huko wanawake wanachoma filla mashavuni ni kitu cha kawaida na yuko tayari kunilipia. Ninachotaka kujua, kuna mtu humu amechoma akajisikiaje moyoni, sio kwenye kioo tu? Na kwa mtu wa hali yangu inaruhusiwa? Au nimwambie hiyo hela tumalizie bati za nyumba?

Mtumishi_Kondoa

Pole sana dada. Mimi ningekwambia umshukuru Mungu maana wenzio wengi walioanza na wewe hawapo. Wanaokuteta watakuteta tu hata ukijaza uso wote, mdomo wa mtu hauzibiki. Halafu haya mambo ya kuongeza vitu mwilini yana mwisho mbaya, tunawaona wasanii. Jikubali ulivyo, bati ziezekwe.

SistaWaCTC

Mtumishi naomba nikujibu kwa heshima kabisa lakini nikujibu. Hayo maneno ya "shukuru uko hai" nimeyasikia kwenye benchi la CTC, kliniki yetu ya wenye VVU, miaka na miaka na nakwambia kuna watu waliacha dozi kwa sababu ya uso. Sio kwamba hawakushukuru, walikuwa wanaona kila kidonge wanachomeza kinawachonga mashavu na mtaa mzima unasoma, mwingine anaona bora afe na sura yake. Usimwambie mtu ajikubali ulivyo wakati hivyo sivyo alivyokuwa, ile sura alipewa na dawa.

MamaNyamagana mdogo wangu, kilichokupata kinajulikana kabisa. Stavudini inadhuru zile sehemu za ndani ya seli zinazotengeneza nguvu, na seli za mafuta ndo zinaumia sana, zinakufa. Ndo maana WHO mwaka 2009 walisema nchi zianze kuiondoa. Ukibadilishiwa dawa ule uharibifu unasimama, na mafuta yanaweza kurudi kidogo kidogo kwa miaka, ila kwa wengi usoni hayarudi yote. Kwahiyo unene wa tumbo na mashavu yaliyobonyea kwa mtu mmoja sio ajabu, usijilaumu kwamba huli vizuri.

Na kitu ambacho wengi hawajui, filla kama Sculptra Marekani ilipitishwa 2004 kwa ajili ya watu kama wewe hasa, wenye VVU waliopoteza mafuta usoni. Mambo ya kujaza mikunjo ya uzee ilikuja kuruhusiwa baadaye. Radiesse nayo ilipopitishwa 2006 matumizi hayo yalikuwemo. Na 2010 Medicare, bima ya serikali kule Marekani ya wazee na wenye ulemavu, ilikubali kulipia sindano hizo kwa mwenye VVU aliyepata sonona kwa sababu ya uso alioachiwa na dawa. Yaani serikali ilikaa ikaona kuwa hii ni tiba ya moyo, sio anasa. Kwetu hatujafika huko, utalipa mfukoni na ni ghali, lakini usikubali mtu akuambie unataka urembo.

Wengine waliochoma waje waseme, mimi naongelea upande wa dawa tu.

Kaka_Croydon

Nimesoma hii nikaacha kazi nikaja kujibu. Mimi ni mtu wa Tanga, niko London miaka mingi, nilitumia stavudini pia na uso wangu ulikuwa hivyo hivyo. Nilichomwa Sculptra, vikao kadhaa vya kuachana wiki kadhaa.

Kwanza ujue haifanyi kazi kama puto kwamba unatoka pale umejaa. Ile ni poda ya aina fulani ya asidi wanachanganya na maji, ikiingia chini ya ngozi inauchokoza mwili utengeneze kolajeni yake wenyewe, ile protini inayoshikilia ngozi, inachukua miezi. Siku ya kwanza unavimba kwa sababu ya maji unafurahi, baada ya siku chache maji yanakauka uso unarudi pale pale unataka kulia, hakuna aliyeniandaa kwa hilo kwahiyo nakuandaa wewe. Halafu unasugua mashavu dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5, ili isijikusanye ikawa vinundu.

Sasa moyoni. Mwaka 2004 hapahapa London walichapisha utafiti wa watu 30 wenye VVU, wengine wakachomwa mapema wengine wakasubirishwa wiki 12 kwanza, na hawakupima mashavu peke yake, walipima pia hofu na sonona. Waliochomwa walipata unafuu. Ulikuwa utafiti mdogo lakini nilipousoma niliona wameandika maisha yangu.

Kilichobadilika kwangu ni kwamba niliacha kujilinda. Zamani nikiingia kwenye treni nachagua kiti cha kona, naongea na mtu nimeinamisha uso ili taa isinipige juu maana taa ya juu ndo inachimba zaidi. Unachoka bila kujua unachoka. Ule uchovu ulitoka. Nilianza kwenda kwenye misiba ya Watanzania tena, nikawa naamua mwenyewe nani nimwambie hali yangu na nani nisimwambie, na hiyo haki ya kuamua ndo kitu kikubwa nilichorudishiwa kuliko shavu lenyewe.

Ila kuna ambacho hakikutoka. Aliyekuwa mchumba wangu alinitupia maneno mwaka ule nilipopima, yale maneno bado nayasikia usiku na uso wangu ukiwa umejaa. Hilo lilihitaji kikundi cha wenzangu na mshauri nasaha, sindano haikuligusa kabisa. Kwahiyo dada jiulize kinachokuuma ni kipi. Kama ni macho ya watu kikobani, filla itakusaidia sana. Kama kuna lingine chini yake, litabaki hapo hapo.

Shiku_Rongai

Mimi niko upande mwingine kidogo, sina hiyo hali, nilidunga filla za hayaluroni, hizo za jeli, kwa hizi mistari za kando ya mdomo baada ya kuachana na bwana. Kazi ilikuwa safi, daktari alikuwa mzuri, na wiki za kwanza nilijiskia nimezaliwa upya walai. Halafu nikaanza kuona kidevu. Nikatoka kwa kidevu nikaona chini ya macho. Nikawa napiga selfi mingi nikizikuza nikitafuta makosa, na picha zenyewe zimepitia filta, sura halisi yangu nikawa siijui tena. Daktari ndiye alinikatalia, akaniambia kuna watu wana shida ya kujiona vibaya ambayo ni ugonjwa wa akili kabisa na kwa hao filla haitulizi, wanarudi kila saa na bado hawaridhiki. Alinituma kwa mtaalamu wa saikolojia. Nilikasirika sana ile siku lakini huyo daktari alinijali.

So ukiniuliza, tofauti yako na yangu ni kwamba wewe unajua sura yako ilikuwa gani na ilipotea lini na kwa nini. Unatafuta kurudi mahali unapajua. Mimi nilikuwa natafuta mahali hakuna. Ningekuwa wewe ningedunga.

Lakini tafadhali mamaa usidungwe saluni ama kwa nyumba ya mtu, hata kama ni bei ya chini na anaonyesha picha nzuri Instagram. Filla ikiingia kwa mshipa wa damu ngozi inaweza kufa na watu wameshapofuka, hasa ikidungwa karibu na pua na katikati ya nyusi. Ile ya hayaluroni ina dawa ya kuiyeyusha haraka inaitwa hayaluronidesi, uliza kama wako nayo hapo kabla hujalala kwa kitanda, wakibabaika toka. Na uone boksi likifunguliwa mbele yako, jina na namba ya toleo upige picha. Kuna watu wanadunga silikoni ya maji, hiyo ikiingia haitoki.

MamaNyamagana

Nimelia nikisoma, asanteni sana. Kaka wa Croydon hiyo ya kuchagua kiti cha kona, mimi kanisani nakaa nyuma ya nguzo miaka yote na watu wanadhani napenda kivuli.

Nimejiuliza kama ulivyosema. La mume wangu marehemu nimeshalilia na nimelimaliza kwenye kikundi chetu cha WAVIU, sisi tunaoishi na virusi. Linalobaki ni macho ya watu tu kwakweli. Hali yangu siifichi kwa aibu, watoto wanajua, mchungaji anajua, ila nataka niwe mimi ninayesema.

Maswali yamebaki. Hiyo Sculptra na hiyo ya hayaluroni ipi inanifaa? Na mimi nina kovu la kuvimba begani pale nilipoungua zamani, limekuwa kubwa kuliko kidonda chenyewe, linahusika?

Mtumishi sijakasirika, najua umesema kwa wema.

SistaWaCTC

Umefanya vizuri mno kusema hilo la kovu! Hiyo inasikika kama keloidi na sisi weusi tunazipata sana. Maelekezo ya Sculptra yenyewe yanasema isitumike kwa mwenye historia ya keloidi, na haina dawa ya kuiyeyusha. Kwahiyo usikubali kuchomwa hiyo kabla daktari wa ngozi hajaliona hilo kovu kwa macho. Ya hayaluroni inayeyushika ikileta shida, ila inaisha, wengi ni kati ya miezi 6 na mwaka na nusu, halafu kwa mashavu yaliyobonyea sana unahitaji sindano nyingi maana moja ni mililita 1 tu na kijiko cha chai ni mililita 5. Mpigieni hesabu na binti kabla, sio ya mara moja tu, ya kurudia pia, isije ukaizoea sura halafu ikaondoka huna hela ya kurudi. Hilo nalo linaumiza moyo.

Anza na CTC yako, omba barua ya rufaa kwa daktari wa ngozi. Ukiweza kufika Moshi, pale hospitali ya KCMC kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, madaktari wa ngozi wengi wa ukanda huu wamesomea pale. Sisemi wanachoma filla, nasema watakuambia kovu lako ni nini na ngozi yako inastahimili nini. Baada ya hapo ndo mwongee na kliniki, iwe Dar, Nairobi au huko kwa binti.

Kaka_Croydon

Nakubaliana na sista. Na popote utakapoenda waambie hali yako na dawa zako zote, usiwafiche, na akikunyanyapaa huyo sio wa kukushika uso.

Binti mwambie akutumie jina la kliniki na jina la daktari kwanza, nauli baadaye.

MamaNyamagana

Sawa. Kliniki yangu ni alhamisi, nitaomba barua. Binti nimeshamtumia huu uzi wote ausome.