Nimepima joto la seli au nimepima leza?

Mpiga_hadubini: Wakuu, nasoma uzamili Ujerumani na wiki ya tatu sasa silali vizuri. Natumia rodamini B, rangi ambayo mng'ao wake hufifia karibu asilimia 2 kwa kila digrii joto linapopanda. Nimeitia kwenye seli hai na kupiga picha kwa STED, hadubini ya leza inayoona vitu vidogo zaidi, kwa kuwa hadubini ya kawaida inagota kwenye nanomita 200 hivi. Pembeni mwa mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli, mng'ao umeshuka kwa asilimia 8, yaani digrii 4. Msimamizi anataka tuandike makala. Mimi roho inasita.

Binti_Optiki: Sikiliza hiyo roho. STED ni kuzima: leza ya pili yenye umbo la pete inazima molekuli za pembezoni, inabakiza za katikati. Ung'avu wako umeshachezewa kabla ya joto kusema lolote. Afadhali upime muda wa mng'ao, zile nanosekunde chache kabla molekuli haijatoa fotoni (chembe ya mwanga), maana hautegemei wingi wa rangi. Lakini STED nayo hufupisha muda huo, kwa hiyo kalibresheni, yaani kulinganisha kipimo na joto linalojulikana, ifanyike leza zote mbili zikiwaka, kwa nguvu ile ile.

Mzee_wa_Joto: Kijana wangu, shika kalamu kwanza. Kitu cha kipenyo cha mikromita 1, ndani ya maji, ili kibaki na digrii 4 zaidi ya jirani zake kinahitaji mikrowati 15 mfululizo. Seli nzima hutoa pikowati 100 hivi, na pikowati ni sehemu moja ya milioni ya mikrowati! Mwaka 2014 Guillaume Baffou na wenzake, Ufaransa, walilieleza pengo hili la takriban mara 100,000. Ukitaka kipimajoto kisichosoma ung'avu, iko almasi ya nano: unaipigia mikrowevu na kusoma masafa inayoyaitikia, gigahezi 2.87, yanayoshuka kilohezi 74 kwa digrii. Harvard waliitia kwenye seli za binadamu mwaka 2013. Ila mikrowevu hizo zinapasha maji, nazo zichunge.

Binti_Optiki: Na jaribu seli zilizouawa kwa fomalini. Hizo hazina uhai wa kuzalisha joto.

Mpiga_hadubini: Nimerudi. Seli za fomalini, mipangilio ile ile: mng'ao umeshuka kwa asilimia 7. Kesho asubuhi naenda kwa msimamizi na picha zote mbili. Mzee, shikamoo, na asante kwa hesabu. Nimeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari la maabara.