Majirani wa Isevya, Tabora: Mota ya feni ya mashine ya nje

Mama Zuhura: Habari za mchana, majirani. Kiyoyozi cha duka la dawa kinawaka, lakini feni ya mashine ya nje haizunguki. Inaunguruma tu, kisha kompresa, ile pampu ya gesi, inajizima. Dawa zangu nyingi zimeandikwa zisiwekwe kwenye joto linalozidi nyuzi 30, na joto la Oktoba mnalijua. Fundi aliyepita jana amesema gesi imepungua.

Fundi Ramadhani: Pole, Mama Zuhura. Gesi haizungushi feni. Kompresa inajizima kwa sababu joto halina pa kutokea, kwa hiyo zima breka kabisa, maana kompresa ikiungua ndipo gharama inapoanza. Umeme ukishazimwa, kijana asukume panga la feni kwa kijiti kupitia kwenye wavu. Likizunguka kwa wepesi, nitashuku kwanza kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, ambayo bei yake ni nafuu kuliko ya mota.

Mama Zuhura: Amesukuma. Ni zito, linakwaruza, na kwenye shafti kuna unga wa kutu. Nyuma ya mashine pamejaa majani ya mwembe.

Fundi Ramadhani: Basi beringi zimekwisha, ni mota. Kapasita nitaipima vilevile, kwa kuwa mota mpya ikifungiwa kapasita iliyochoka itaunguruma kama ya zamani. Majani hayo yaondolewe leo.

Bwana Masanja: Ninayo mota niliyoifungua kwenye mashine chakavu. Haiwezi kumfaa jirani?

Fundi Ramadhani: Huenda ikafaa, Bwana Masanja, ila tusome kwanza kibati chake: volti, wati, mizunguko kwa dakika, kapasita inayoitaka na, zaidi ya yote, upande inakozungukia. Mota ikizunguka kinyume, kila mtu ataona feni inafanya kazi, kumbe hewa inasukumwa kusikotakiwa. Kompresa itachemka, itajizima, na mama ataambiwa tena kwamba ni gesi. Shafti nayo ilingane kwa unene na urefu, la sivyo panga litacheza au kugonga wavu. Na kama mashine ya mama ni ya inveta, yaani inayobadilisha kasi yake yenyewe, mota ya kawaida huenda isiingie kabisa, kwa sababu mota za feni za mashine nyingi za inveta huendeshwa na bodi ya kielektroniki.

Mwalimu Kapama: Aliyetufungulia feni yetu alilazimisha nati hadi panga la plastiki likapasuka.

Fundi Ramadhani: Alikuwa anaikaza, Mwalimu. Mashine nyingi za aina hii zina nati ya nyuzi za kushoto, ambayo hulegea ukiigeuza kufuata mshale wa saa.

Mama Zuhura: Yangu si ya inveta. Breka nimezima. Bwana Masanja, kijana anakuja kwako kupiga picha ya kibati.

Fundi Ramadhani: Apige na picha ya nyaya za mota yenu ya sasa zilivyounganishwa, rangi zote zionekane. Asiziguse, kwani kapasita huweza kubaki na umeme hata breka ikiwa imezimwa.